Kabla hujagusa femuwea ya kichoma CD, soma dmesg

CD nne zimeharibika mezani kwangu wiki hii. Nilikuwa nachoma sauti za marehemu babu, nilizozitoa kwenye kaseti kwa siku nyingi, na mjomba anayezisubiri ana redio ya CD tu, hana kompyuta. Ndiyo maana sikukubali kushindwa.

Kila nilipoanza kuchoma kwa wodim, programu ya Linux ya kuchomea CD, kazi ilikatika mwanzoni kabisa na kuniachia ujumbe: power calibration area error. Maana yake ni hii: kabla ya kuandika data yako, kichoma CD hujipima. Leza huandika alama za majaribio kwenye eneo dogo upande wa ndani wa diski, ili ijue nguvu inayoifaa diski hiyo. Jaribio hilo likishindikana, kazi huishia hapo.

Ushauri ninaokutana nao mara nyingi ni kusasisha femuwea, yaani programu iliyo ndani ya kifaa chenyewe. Nilishapakua faili, kilichonizuia ni kwamba programu ya kuisakinisha ilikuwa ya Windows tu. Nashukuru sana.

Draiva, programu inayoiwezesha kompyuta kukitumia kifaa, niliiondolea lawama mapema. Vichoma CD vya USB, kama changu, huelewa amri zilezile za pamoja (MMC), na keneli, kiini cha Linux, huvihudumia kwa moduli zake usb-storage na sr_mod, huhitaji draiva ya mtengenezaji. /dev/sr0, jina ambalo Linux hukipa kichoma, ilikuwepo, na CD za zamani zilisomeka vizuri.

Basi nikafungua terminali ya pili, nikaandika dmesg -w, amri inayoonyesha ujumbe wa keneli papo hapo, nikaanza kuchoma upya huku nikiitazama. Sekunde ileile kazi ilipokatika, mstari huu ukatokea: reset high-speed USB device. Kifaa kilikuwa kinapotea na kurudi! Nikakigeuza kusoma lebo ya chini: 5 V, 1.1 A, yaani 1100 mA. Tundu la USB 2.0 linatakiwa kutoa 500 mA, la USB 3.0 900 mA. Mimi nilikuwa nimekichomeka kwenye habu (kigawanyio cha matundu ya USB) isiyo na adapta yake ya umeme, tena pamoja na diski ya nje. Kusoma CD hakuhitaji umeme mwingi, ndiyo maana majaribio yangu ya kusoma yalinidanganya. Umeme huliwa mota inapokaza mwendo na leza inapoanza kuandika.

Sasa fikiria ningesasisha femuwea kwa umeme ule. Kifaa kikizimika femuwea ikiwa nusu, huenda kisiwake tena. Hili ndilo lililonifanya niandike, maana najua kuna mtu leo ana ujumbe huohuo kwenye kioo na faili la femuwea tayari limeshapakuliwa.

Nilitafuta kebo yenye vichwa viwili vya USB, vyote nikavichomeka moja kwa moja kwenye kompyuta. Ile mistari ya reset ikatoweka. Lakini CD iliyofuata, kutoka paketi ileile, ikakataa tena kwa ujumbe uleule, safari hii dmesg ikiwa kimya kuhusu USB. Hapo nikaendesha wodim dev=/dev/sr0 -atip, inayosoma taarifa alizoziweka mtengenezaji kwenye diski tupu. Femuwea hubeba jedwali la namna ya kuandika diski inazozifahamu. Diski ngeni hupewa mpangilio wa jumla, na wakati mwingine haufai. Kwa hiyo ni kweli femuwea inaweza kuwa na sehemu yake katika tatizo hili. Hata hivyo kubadilisha diski ni jambo dogo kuliko kuhatarisha kifaa kizima. Nikachukua paketi ya mtengenezaji mwingine, nikapunguza kasi kwa speed=16, na CD ya kwanza ikapita hadi mwisho.

Nimeisikiliza yote jana usiku. Kwenye sehemu ya tatu babu anakohoa kidogo kabla ya kuanza kusimulia. Kikohozi hicho sikukikata. CD sasa imo kwenye bahasha, jina la mjomba limeshaandikwa juu.