Gitaa la plaiwudi ambalo siliuzi

Gitaa langu ni la plaiwudi. Uso plaiwudi, mgongo plaiwudi, mbavu plaiwudi. Ni Yamaha FG180, lile lenye lebo nyekundu ndani ya tundu la sauti, na kila ninapolitoa mbele ya watu hakosekani mtaalamu wa kunieleza kwamba gitaa la maana lazima liwe na uso wa mbao nzima. Huwa namwacha amalize, halafu napiga.

Alinipa mjomba. Yeye mwenyewe alilinunua likiwa limeshapita mikono kadhaa, akalipiga miaka mingi, kisha likahamia juu ya kabati, bila hata mfuko. Siku aliyonikabidhi hakuwa na hotuba: "Chukua, mpwa wangu. Vidole vyangu vimegoma." Nililigeuza huku na huku nikitafuta nyufa, sikuona hata moja. Hapo ndipo plaiwudi inapojitetea. Tabaka zake zimepishanishwa, nyuzi za mbao moja zinakwenda huku na za nyingine kule, kwa hiyo hewa ikikauka au ikijaa unyevu, ubao hauna njia rahisi ya kupasukia. Gitaa la mbao nzima lingekaa juu ya kabati lile miaka yote hiyo, sidhani kama lingeshuka salama.

Swali la pili ninaloulizwa ni kama hao Yamaha ndio wale wa pikipiki. Ni ukoo mmoja, ila muziki ndiye kaka mkubwa. Torakusu Yamaha alianza kwa kutengeneza kinanda kilichoharibika shuleni huko Hamamatsu mwaka 1887, na kampuni iliyozaliwa hapo ikaitwa Nippon Gakki. Pikipiki zilitengewa kampuni yake mwaka 1955. Ndiyo maana nembo ni zile uma tatu za kutafutia sauti, hata kwenye tangi la mafuta. FG za kwanza zilitoka mwaka 1966, zikiwa mbili: FG180 yenye tumbo kubwa na FG150 iliyo ndogo zaidi. Namba hizo zilitokana na bei, yeni 18,000 na yeni 15,000. Yaani mimi nimebeba bei ya dukani ya wakati huo kama jina la gitaa, na sioni ubaya.

Yalikuwa magitaa ya vijana wasio na hela nyingi. Lakini mwimbaji Mmarekani Country Joe McDonald alipopanda jukwaani kwenye tamasha la Woodstock mwaka 1969, alikuwa na FG150 mkononi, na mkanda wake ulikuwa kamba tu. Sijasikia kwamba kuna aliyesimama kuuliza habari za plaiwudi.

Sauti yenyewe ni kavu. Besi haivimbi, nyuzi nyembamba hazichomi masikio, utamu wote umejaa katikati. Unagusa, linajibu, linanyamaza. Kwa mtu anayeimba huku anapiga rizimu, hiyo ni baraka, kwa sababu gitaa halimnyang'anyi mwimbaji nafasi. Kwa mtu anayetaka kudonoa taratibu, noti moja ielee mpaka nyingine iikute njiani, hapana, atafute gitaa jingine. Sitadanganya kwa sababu tu ni langu.

Sasa shingo. Ukinunua gitaa kuukuu la Kijapani, ukalipenda kwa rangi, kwa lebo, kwa hadithi ya muuzaji, bado hujaangalia kitu. Nyuzi sita za unene wa namba 12 zikikazwa hadi sauti ya kawaida huvuta kwa nguvu ya kilo 70 hivi. Mpe mzigo huo mtu yeyote aushikilie zaidi ya miaka hamsini. Sanduku linajikunja kidogo kidogo, shingo inainuka, nyuzi zinaachana na freti, vile vijiti vya chuma vilivyokingama shingoni. Wa kwanza kujua ni mkono wa kushoto: kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, za karibu na kichwa zinakubali, ile ya F inaanza kudai, na ukifika freti ya saba ni kama unabonyeza waya wa uzio.

Kipimo chake hakihitaji fundi. Chukua rula ndefu iliyonyooka, ilaze juu ya freti katikati ya shingo, isogeze hadi ifike kwenye daraja, ule ubao mdogo wa usoni ambako nyuzi zinafungwa. Ncha ikitua juu ya ubao wa daraja, uko salama. Ikigonga ubavu wa daraja, pembe ya shingo imeharibika, na kadiri inavyogonga chini ndivyo kazi inavyokuwa kubwa. Kisha tazama kile kijiti cheupe kinachobeba nyuzi juu ya daraja. Kama kimebaki chembamba, kinachungulia tu, ujue kuna mwenzako aliyetangulia kukisaga, na akiba imeisha. Wala usidanganywe kwamba chuma kilichomo ndani ya shingo kitamaliza tatizo. Chuma hicho kinanyoosha shingo iliyojikunja. Pembe ambayo shingo imeunganishwa na sanduku hakiigusi.

Langu liligonga ubavu. Kwenye freti ya kumi na mbili, uzi mnene ulikuwa juu kwa milimita nne na ushei. Dawa kamili ni kung'oa shingo: fundi anaingiza mvuke kwenye kiungo, gundi inalainika, shingo inatoka, kisigino kinachongwa kidogo, inarudishwa kwa pembe mpya. Kwa Yamaha za miaka hiyo mafundi hulalamika kwamba gundi ni sugu, haitoki kwa mvuke kama za wengine, na gharama inaweza kupita thamani ya gitaa lenyewe. Fundi wa kwanza niliyempelekea hata hakupima. Alicheka, akaniambia nikanunue jipya. Wa pili, mzee, aliliweka mapajani, akachungulia kuanzia kichwani kwa jicho moja, akasema, "Hapa hatung'oi kitu, mwanangu. Tunapunguza."

Akakisaga kijiti. Akapunguza na unene wa daraja, halafu kwenye matundu ya pini zinazobana nyuzi akachonga vijia vidogo ili nyuzi zikitoka zipande kwa mwinuko wa kutosha na kukikandamiza kijiti. Bila hivyo sauti ingefifia. Najua kuna watakaoshika kichwa, kwamba gitaa la kale limechongwa daraja. Lingekuwa gitaa la makumbusho ningeshika kichwa nao. Sasa hivi uzi mnene uko milimita mbili na nusu, na F inapigika hadi na mwanangu.

Nami nimelipunguzia mzigo. Nafunga nyuzi za namba 11 na kutyuni chini nusu sauti. Nikipiga na wenzangu naweka kapo, kile kibanio cha nyuzi zote, kwenye freti ya kwanza, tunakutana.

Kwa wanaotafuta la kwao, jambo moja la soko. Wauzaji wengi wanalibandika kila gitaa kuukuu la Kijapani neno "la kesi", bei ikapanda. Kesi yenyewe ilikuwa ya mwaka 1977 huko Marekani: Norlin, waliokuwa wamiliki wa magitaa ya Gibson, waliishtaki Elger, wasambazaji wa magitaa ya Kijapani ya Ibanez, kuhusu umbo la kichwa cha magitaa ya umeme. Gitaa kavu, lisilo la umeme, la kiwanda kingine linaingiaje humo? Afadhali ulipie gitaa la K. Yairi la kutoka Kani, mkoa wa Gifu, Japani, ambalo mara nyingi lina mhuri wa mwaka ndani kwa hesabu ya enzi ya Showa, hesabu ya Kijapani inayofuata utawala wa mfalme wao. Ukikuta 50, jumlisha 1925, unapata 1975. Hiyo angalau ni tarehe, si porojo.

Kinachonisumbua kwa sasa ni ufunguo wa uzi wa G. Meno yake yamelika, unazungusha robo nzima kabla uzi haujasikia habari. Nimeweka mafuta ya cherehani, yamesaidia nusu. Nimeshauriwa nibadilishe funguo zote sita, lakini mpya zinataka matundu mapya ya skrubu kwenye kichwa, na hapo nimekataa. Nautyuni G wa mwisho, naulegeza kwanza mpaka uwe chini ya sauti, halafu naupandisha taratibu bila kuurudisha nyuma. Ukipandishwa hivyo, meno yanashika, na unatulia wimbo mzima, mara nyingine hata miwili.