Mbona Wangu Hatiwi Maji?

Binti yangu wa pili, yule wa uuguzi, alinipigia juzi usiku akiwa katikati ya madaftari ya mtihani. Kuna kitu kilikuwa kinamchanganya. Kitabu cha zamani alichoazima kwa mwenzake kinasema mtoto mwenye homa kali aliyepoa miguu na mikono atundikiwe maji upesi, yaishe ndani ya saa moja. Mwongozo wa sasa unasema taratibu. Maji ya haraka abakiziwe mtoto mwenye dalili zote za shoki (damu kutozunguka vya kutosha mwilini) kwa pamoja, na hata huyo apewe kwa uangalifu. "Sasa mama, nani aligundua?" akauliza. "Na aligunduaje?"

Nilimjibu kwa kifupi ili arudi kusoma. Jibu refu naliandika hapa, maana nilikuwepo, nikiwa muuguzi wa zamu.

Ilikuwa masika ya 2010. Bado tulikuwa tunakaa zile kota za bati, na wodi ya watoto ilikuwa ile ya vitanda vya chuma, mvua zikichanganya watoto wanalala wawili wawili. Tulikuwa ndani ya utafiti ulioitwa FEAST, ukiongozwa na Profesa Kathryn Maitland aliyekuwa na makao yake Kilifi, pwani ya Kenya. Hospitali zilikuwa sita, za Kenya, Tanzania na Uganda. Swali lake lilikuwa jepesi kulitamka. Mtoto wa Kiafrika anayeletwa na homa kali, amelegea au anahema kwa shida, na damu haifiki vizuri kwenye vidole: je, akitiwa maji mengi kwa haraka kwenye mshipa anapona zaidi kuliko akitiwa kidogo kidogo? Huko Ulaya na Marekani jibu lilikuwa limeshazoeleka miaka mingi. Maji ya haraka ndiyo kanuni. Ila hakuna aliyekuwa amelipima kwa utafiti mkubwa kwa watoto wa huku, wenye malaria na upungufu wa damu, katika wodi isiyo na mashine ya kupumulia.

Basi watoto walipangwa mafungu matatu. Fungu la kwanza maji ya chumvi kwa haraka, la pili albumini (maji yenye protini ya damu) kwa haraka, la tatu hawapewi ya haraka kabisa, wanapata yale ya kawaida ya kuwashikilia. Fungu la mtoto lilikuwa ndani ya bahasha iliyofungwa, yenye namba, karatasi nzito isiyoonyesha ndani. Unachukua inayofuata kwa namba. Huchagui, tabibu hachagui, mzazi hachagui.

Usiku ninaousema walifika wawili karibu kwa wakati mmoja. Wa kwanza mvulana, amebebwa na mama yake. Bahasha yake ikatoka na maji ya chumvi. Nilimtundikia mwenyewe, kilo 10, mililita 200 kwa saa moja. Wa pili msichana, naye wa kilo hizohizo, amefungwa mgongoni kwa bibi yake. Mama alikuwa amebaki nyumbani na kichanga.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Nitazamie huyu, hajafumbua macho tangu adhuhuri."

Tulimlaza kwenye kitanda cha jirani na mvulana. Malaria kali, damu kidogo mno. Tabibu wa zamu alimweleza bibi kwa maneno machache kama taratibu zilivyotaka kwenye dharura: ridhaa ya mdomo kwanza, karatasi na maelezo marefu mtoto akishatulia. Bibi alisikiliza akiwa ameshika mguu wa mtoto. Akasema, "Fanyeni tu apone." Tabibu akachana bahasha. Fungu la tatu.

Kwinini, dawa ya malaria, ikaanzishwa, sukari ikapimwa, oksijeni ikawekwa, damu ikaagizwa maabara na mjomba akaenda kuchangia. Na maji, mililita 40 kwa saa. Ukiitazama ile dripu ikidondoka kwa mwendo huo, na ya jirani inakwenda mbio, hata asiyesoma anaona tofauti. Bibi aliona. Alitazama huku, akatazama kule, akanigeukia.

"Mwanangu, huyu mwenzake katiwa maji. Mbona wangu hatiwi?"

"Anatiwa, bibi. Anatiwa polepole."

"Polepole, na mtoto anakufa?"

Nilikuwa na maneno niliyofundishwa kwenye semina, na yalikuwa maneno ya kweli: kwamba hatujui lipi bora, ndiyo maana tunapima, kwamba mtoto wake hajanyimwa kitu kinachojulikana kuwa kinaokoa. Nikayasema. Bibi akayasikiliza mpaka mwisho kwa adabu kubwa. Kisha akavuta kigoda, akakaa miguuni mwa mjukuu wake, akaushika ule mguu kwa viganja viwili na kuanza kuupulizia pumzi. Anapuliza, anasugua, anapuliza tena. Kanga yake ilikuwa imelowa mvua, akaitoa begani ili maji yasimdondokee mtoto.

Sasa kila baada ya muda tulitakiwa kupima. Unapitisha mgongo wa mkono kutoka vidole vya mguu kupanda gotini, usikie baridi inaishia wapi. Halafu unabonyeza ukucha mpaka uwe mweupe, unaachia, unahesabu hadi rangi irudi. Ikipita sekunde tatu, damu haifiki vizuri. Nilipofika zamu yake nikakuta mguu mmoja una joto na mwingine una baridi kama chuma cha kitanda. Joto lile lilikuwa la bibi. Nikamwomba aache kidogo nipime. Aliinua mikono yake yote miwili juu, hakuiweka popote, akaisubirisha hewani muda wote niliokuwa nahesabu. Moja, mbili, tatu, nne. Nilipoachia tu kile kidole, mikono ikarudi mguuni.

Tuliendelea hivyo saa nyingi, mimi na yeye. Nabonyeza, anainua mikono, naachia, anaishusha. Kwa jirani, saa moja baada ya maji kuingia, mvulana alikuwa na miguu yenye joto, akamwita mama yake kwa sauti kabisa. Mama akacheka na kulia. Bibi akampongeza, "Hongera mama," kwa sauti nzuri isiyo na kinyongo, wala hakuacha kusugua.

Damu ikaja, tukaitundika. Kabla ya adhana ya alfajiri msichana akaacha kupumua. Tulimminyia ambu, ule mfuko wa kusukumia hewa, muda mrefu, tabibu akiwa amepiga magoti kitandani. Haikusaidia.

Bibi alimfunika mwenyewe. Hakupiga kelele. Aliniambia neno moja tu, tena taratibu, kama mtu anayemkumbusha mwenzake kitu: "Mngemtia maji."

Mvulana alipona akaenda kwao.

Kwa miezi iliyofuata nilikuwa na hakika moyoni. Bahasha zile nilizichukua kwa namba, nilifuata taratibu zote, lakini nikiona fungu la tatu tumbo linanikaza. Na sikuwa peke yangu. Tuliokuwa tunakesha pale tulikuwa tunaona kwa macho: wa maji ya haraka wanapata joto mapema, mapigo yanatulia, mzazi anapumua.

Januari 2011 utafiti ukasimamishwa kabla ya muda wake. Kamati huru iliyokuwa ikifuatilia takwimu ilikuwa imeshapitia za watoto karibu 3,000, ikasema inatosha, acheni kuandikisha. Tulipoitwa kuambiwa, niliingia chumbani nikijua kabisa nitakachosikia: maji yameshinda, wapewe wote.

Tuliambiwa kinyume chake. Nilimwomba mtoa taarifa arudie.

Matokeo yalichapishwa Mei 2011 katika jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine. Watoto 3,141. Katika kila 100 waliopewa maji ya haraka, yawe ya chumvi au albumini, kati ya 10 na 11 walikufa ndani ya saa 48. Katika kila 100 wa fungu la tatu, walikufa 7. Kwa hiyo katika kila watoto 100, yale maji yetu mazuri yaliwaondoa 3 zaidi. Ilikuwa hivyo kwa wenye malaria na wasio na malaria, wenye upungufu mkubwa wa damu na wasio nao.

Na kitu kimoja humo ndani ndicho kilichonishika, hadi leo sijakizoea. Macho yetu hayakutudanganya. Baada ya saa moja, dalili za shoki zilikuwa zimeondoka kwa watoto 43 katika kila 100 waliotiwa maji ya haraka, na kwa 32 tu kati ya wale wa polepole. Miguu ilipata joto kweli. Mapigo yalitulia kweli. Mvulana yule alimwita mama yake kweli. Halafu saa zilizofuata, tukiwa tumeshahamia kitanda kingine, baadhi yao walikuwa wanaondoka. Wengi walidhani itakuwa ni mapafu kujaa maji au ubongo kuvimba. Uchambuzi uliofuata mwaka 2013 ulionyesha kwamba vifo vilivyozidi vilitokana hasa na moyo na mzunguko wa damu kushindwa. Tulikuwa tunaangalia saa ya kwanza, na kifo kilikuwa kinakuja baadaye.

(Niseme hapa, maana najua nasomwa na akina mama: haya hayahusu mtoto anayeharisha. Watoto wa kuhara na wenye utapiamlo mkali hawakuingizwa kwenye utafiti huu. Anayeharisha na kukaukiwa anahitaji maji, tena mapema.)

Wodi moja isingeweza kuliona hili hata ingekaa miaka. Tofauti ya watoto 3 katika 100 hakuna muuguzi anayeibeba kichwani. Ukikesha usiku wako utawaona wawili, mmoja ametiwa maji amepona, mwingine hakutiwa amekufa, na utaapa kwamba unajua. Ilibidi watoto wapangwe kwa bahasha, kwa maelfu, katika nchi tatu, mpaka jibu litoke. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo mpya wa watoto wa dharura, ndio huo unaomchanganya binti yangu. Kila kitanda ambacho leo mtoto wa homa kali anapewa maji taratibu, kuna watoto wale ndani yake. Mjukuu wa bibi yumo. Mvulana yumo.

Kwa mjukuu wa bibi mwenyewe, sina jibu. Takwimu zinaniambia kwamba fungu la tatu ndilo lililokuwa na nafasi kubwa zaidi ya kumwokoa. Haziniambii kama yeye, usiku ule, angetiwa maji ingekuwaje. Bahasha ya mtoto mmoja haichanwi mara mbili.

Bibi nilimwona tena, kliniki, miaka kadhaa baadaye, ameleta mjukuu mwingine kwa chanjo. Alinitambua kabla sijamtambua. Tulisalimiana, tukakaa kwenye benchi, na nikaona siwezi kuinuka bila kumwambia. Nikamweleza yote, taratibu, pamoja na zile hesabu. Nikamwambia, bibi, yale maji uliyoyataka, imeonekana yanaua zaidi ya kuponya.

Alikaa kimya akifikiri. Nilidhani atalia, au atasema hanisadiki. Akauliza:

"Na wale waliotiwa wakafa, mama zao wanajua?"

Nikamwambia majibu yalitangazwa, madaktari wanayajua, vitabu vimebadilishwa. Akasema vitabu ni vyema, lakini yeye ameuliza mama zao.

Swali hilo nimelipeleka kwa wenzangu wa zamu zile, kila tunapokutana misibani au harusini. Mmoja anasema kumfuata mama nyumbani kwake umwambie kwamba maji aliyoyashukuru ndiyo huenda yalimmaliza mwanawe ni kumtonesha kidonda bure, na kwamba hata hivyo hakuna anayeweza kusema ni mtoto yupi kati ya wale ndiye aliyekuwa wa ziada. Ana hoja. Mimi naona aliyemtoa mwanawe akaingia kwenye bahasha ana haki ya kuambiwa bahasha zilisema nini, hata kama jibu linauma, na kwamba bibi yule alilipokea vizuri kuliko nilivyolipokea mimi. Mwenzangu hunijibu kwamba bibi alikuwa wa fungu la tatu, kwake ilikuwa rahisi. Hapo ndipo tunapokwama kila mara.