Nafaka kumi kwenye ndoo moja

Nina mashine ya kusaga huku Igoma, Mwanza, jirani na barabara iendayo Musoma. Wateja wangu wengi ni akina mama, na kitu kinachonikera kuliko umeme kukatika katikati ya kazi ni unga wa lishe. Si kwamba ni mbaya. Kinachonikera ni namna tunavyoutengeneza siku hizi, kama vile kuna mashindano ya nani ana aina nyingi zaidi.

Mama Kulwa alikuja na ndoo yake: mahindi, ulezi, uwele, mtama, mchele, ngano, soya, karanga, mbegu za maboga na korosho juu kabisa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo umeniletea ghala zima?"

"Nimeambiwa vikiwa vingi ndiyo mtoto anapata nguvu."

"Soya umeichemsha?"

"Si itaiva kwenye uji?"

Haiivi. Soya mbichi ina kitu kinachouzuia mwili usiyeyushe protini vizuri, kwa hiyo ichemshwe au ikaangwe kabla haijafika kwangu. Karanga nikazimwaga kwenye ungo. Kulikuwa na zilizosinyaa na zilizobadilika rangi, za kutupa. Sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu, ikishasagwa huioni tena, na moto wa jikoni hauimalizi. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu Dodoma na Manyara, na walichokuwa wamekula ni mahindi ya kawaida tu. Ukichanganya vitu kumi, hata ukigundua mtoto kadhurika, hujui ni kipi kimemdhuru.

Nyuma yake alikuwa amesimama kijana mfuga kuku wa mayai. Huyu alikuja na karatasi. Pumba kilo kadhaa, mashudu ya alizeti kilo kadhaa, dagaa, chokaa, chumvi, na premiksi ya vitamini na madini imeandikwa kwa gramu. Akasimama pembeni ya mizani kuhakikisha simpunji. Na ana sababu: chokaa ikipungua mayai yanatoka na ganda laini, hela imepotea wiki hiyohiyo. Mtoto akipungukiwa hatoi ishara ya haraka namna hiyo. Anakuwa mfupi, anakuwa mpole mpole, anaharisha kila mara, na sisi tunasema kafanana na babu yake. Kwa takwimu za kitaifa za 2022, watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano Tanzania wamedumaa. Babu gani huyo mwenye wajukuu wote hao?

Sasa nafaka kumi zina ubaya gani? Ni kwamba nafaka juu ya nafaka bado ni nafaka. Kuna kisa nilikisoma nikakishika. Mwaka 1958 daktari mmoja Mhindi, Ananda Prasad, akiwa Shiraz huko Iran, aliletewa kijana wa miaka 21 aliyeonekana kama mtoto wa miaka 10. Chakula chake kilikuwa mkate wa ngano usiotiwa hamira, nyama hapati, na alikuwa anakula udongo. (Udongo, ndiyo, kama huu tunaowauzia wajawazito sokoni.) Baadaye utafiti wake huko Misri ukaonyesha kwamba vijana wa namna ile walikuwa wamepungukiwa zinki. Na zinki ndani ya ngano ilikuwamo! Ila nafaka na kunde zina fitati, kitu kinachoyashika madini kama zinki na chuma, yakapita tumboni yakatoka yalivyoingia. Ndiyo maana sishangai mtoto wa uji wa nafaka kumi kuwa na damu pungufu. Na zile zinki wanazotoa zahanati mtoto akiharisha, pamoja na ORS, siku 10 hadi 14, mpeni zote hata kama kuhara kumekoma siku ya tatu.

Bibi zetu walikuwa na dawa ya hili bila kujua jina lake. Ulezi uliloweshwa, ukaoteshwa, ukaanikwa, ukasagwa. Kimea. Tunakijua cha pombe tu. Kuloweka na kuotesha kunapunguza fitati, halafu kimea kina kazi nyingine nzuri zaidi: tia kijiko kimoja kwenye uji mzito uliopoa kidogo, koroga, utauona unalegea mbele ya macho yako. Kisha uchemshe tena. Hapo unaweza kuweka unga mwingi zaidi na mtoto bado akanywa, maana tumbo lake ni dogo na uji mwepesi unalijaza maji. Watafiti wa hapahapa Tanzania waliliandika jambo hili tangu miaka ya 1980. Leo akileta mtu kimea kwangu, wanaosubiri kwenye foleni wanacheka, "Mama, unapika komoni?"

Lakini kinachoniuma hasa ni dagaa.

Ziwa liko hapo. Sangara minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, sawa, ile ni biashara na imejenga watu. Dagaa ndio tuliobaki nao, na kiasi kikubwa kinaishia kwenye chakula cha kuku. Naongea nikiwa na harufu yao kwenye nguo. Samaki mkubwa unakula mnofu, mifupa unatupa. Dagaa anakwenda mzima, na mifupa yake, na tumbo lake, na macho yake, kwa hiyo mtoto anapata kalsiamu, chuma na zinki, tena chuma cha namna ambayo mwili unaipokea kwa urahisi. Zaidi ya hapo, samaki kidogo kwenye sahani husaidia hata chuma cha maharage na mboga kupokelewa. Mtafiti wa lishe, Shakuntala Thilsted, alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2021 kwa kazi iliyoanzia kwenye visamaki kama hivi vya Bangladesh, wanaviita mola. Aligundua vimejaa vitamini A, nyingi ikiwa kichwani, machoni hasa. Na sisi dagaa wa mtoto tunawakata vichwa kwa sababu ni vichungu.

Dagaa wetu wakianikwa juani vitamini A nyingi inapotea, hilo niseme wazi. Madini hayapotei. Vitamini A itafutwe kwenye mchicha uliotiwa mafuta kidogo, kwenye embe, kwenye ini, na kwenye viazi lishe vya rangi ya chungwa. Wazee wa Usukuma wanavilalamikia viazi hivyo kwamba vina maji, havina unga kama vyeupe. Kweli. Watoto hawajali, kwao vitamu. Na yale matone ya vitamini A ya Juni na Desemba yasikupite, tafadhali.

Kuna mteja aliniambia haya yote ni usumbufu, atanunua dawa ya kuongeza damu ampe mtoto kila siku. Nikamwambia aende kwanza akapime. Utafiti mkubwa uliofanyika Pemba, watoto zaidi ya 24,000, matokeo yake yakachapishwa 2006, ulionyesha kwamba waliopewa chuma na asidi ya foliki kila siku, kwenye eneo lenye malaria nyingi, waliugua vibaya na kulazwa zaidi kuliko wasiopewa. Sehemu hiyo ya utafiti ikasimamishwa. Waliokuwa na upungufu wa kweli wa chuma, na malaria yao ikawa inafuatiliwa, wao walinufaika. Mwanza yetu hii mbu wake mnawajua. Chuma cha kwenye dagaa hakina kesi hiyo.

Kwa hiyo Mama Kulwa alirudi nyumbani na mahindi, ulezi na soya ambayo aliichemsha akaianika, akaja kusaga kesho yake. Korosho alikula yeye, na alistahili, ananyonyesha mapacha.

Dagaa nawasagia bure wenye watoto wa chini ya miaka miwili, mradi waje kabla sijasaga vya kuku. Wasilete walioanikwa mchangani, maana mchanga hauna chekecheke la kuumaliza. Nendeni soko la Mwaloni Kirumba muulize walioanikwa kwenye kichanja, wanang'aa na hawana chembe ukiwakung'uta. Waosheni kwa maji ya moto, waanikeni, wakaangeni bila mafuta hadi wavunjike mkononi. Unga wake uwekwe kopo lake peke yake, usichanganywe na nafaka, kijiko kiingie kwenye uji ukiwa jikoni. Mvua zimekatika wiki hii na dagaa wanakauka vizuri, ila nunueni sado moja tu kwa mara moja. Wana mafuta, wakikaa wanachacha na mtoto atawatema.