Ongeza Kimoja, Si Vitatu

Katika mazoezi ya kujihami, leo nawaza juu ya yule anayeshika, si anayejinasua. Mwanafunzi akichomoa mkono kwa ulaini, ni rahisi kusema ameiva. Mimi humwangalia mwenzake kwanza: amekaza kweli, au ameshika kama anayesalimia? Kazi kubwa ya mkufunzi wa kujihami, kwa maoni yangu, ni kupanga mwenza akaze kiasi gani, na lini.

Chukua kushikwa kifundo cha mkono. Mwanzoni mwenza anashika tu na kutulia. Mwanafunzi anatafuta mwanya, pale ncha ya kidole gumba inapokutana na vidole vingine. Anageuza mkono hadi ukingo wake mwembamba uelekee mwanya huo, anapiga hatua kwenda mbele huku akikunja kiwiko kumwelekea aliyemshika, ndipo mkono unachomoka. Wageni karibu wote huvuta kinyumenyume, mkono ukiwa umenyooka. Hapo wanashindana na vidole vinne, bega linavutwa na miguu inayumba. Mkufunzi anayepaza sauti "vuta kwa nguvu!" anazidisha tatizo. Arekebishe mguu kwanza. Mara nyingi mkono hufuata wenyewe.

Mbinu ikikubali mara 10 mfululizo, mikono yote miwili, ongeza kitu kimoja: ama nguvu, ama kasi, ama kushtukiza. Mwenza aanze kuvuta. Siku nyingine ashike bila kutoa ishara. Ukivirundika vyote pamoja na mwanafunzi akashindwa, hutajua kilichomwangusha ni kipi. (Naye hajui, ila anaondoka akiamini mbinu yenyewe ni uongo.) Kipimo changu: akishindwa mara 3 kati ya 10, yuko mahali pazuri pa kujifunzia, akishindwa mara 7, mrudishe hatua moja nyuma bila kumwonea haya.

Kabari ina masharti yake. Mkono ukibana mishipa ya pande zote mbili za shingo, mtu anaweza kupoteza fahamu ndani ya sekunde 10 hivi, kwa hiyo hapa nguvu hazipandishwi kama kwenye kifundo. Anza mkono wa mkabaji ukiwa umelala juu ya kifua. Mwanafunzi ainamishe kidevu, audake mkono unaomkaba kwa mikono miwili, auvute chini huku akishusha nyonga. Anayependa kukakamaa husahau kidevu na kukimbilia kurusha viwiko. Wakati huo shingo iko wazi. Anayekabwa akigonga mara mbili, maana yake achia papo hapo. Mikono ikinaswa, agonge kwa mguu. Asiyeheshimu kugonga, mtoe mkekani.

Mikanda ya madaraja sina ugomvi nayo. Lakini Jigoro Kano, Mjapani aliyeanzisha Kodokan, shule ya judo, mwaka 1882, hakuishia kwenye kata, yaani mazoezi yaliyopangwa hatua kwa hatua. Aliweka pia randori, mazoezi ya kupambana kwa uhuru, ambamo mwenza hakubali kuangushwa kirahisi. Kwa hiyo kabla ya kumpandisha mtu daraja, mbadilishie wenza: mrefu zaidi, mzito zaidi, na mmoja anayetumia mkono wa kushoto.