Ijumaa yangu moja bwenini

Nikisema mimi ni matroni, watu huuliza swali lilelile: "Kwa hiyo kazi yako ni kuwaamsha na kuwalaza?" Ndiyo, nawaamsha na nawalaza. Ni wasichana 62, wa darasa la tano hadi la saba, katika shule ya msingi ya masista huku juu ya Moshi, ambako mwezi wa tatu maji ya bomba alfajiri yanauma vidole. Nimeifanya kazi hii mwaka wa 11 sasa. Nawasimulia Ijumaa iliyopita kama ilivyokuwa.

Saa 10:00 alfajiri. Simu inatetemeka chini ya mto. Mlio huwa siweki, utaamsha bweni zima. Mwaka huu Kwaresima na Ramadhani zimekutana, na nina mabinti wawili Waislamu wa darasa la saba ambao wazazi wao wameandika barua kwamba wafunge. Mpishi aliniachia viazi vitamu kwenye hotpoti na uji kwenye chupa ya chai. Nawagusa bega mmoja baada ya mwingine, wanakuja chumbani kwangu wamejitanda khanga, wanakula daku taratibu chini ya picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu. Shule ni ya Kanisa, lakini watoto ni wa wazazi wa kila dini, na mimi nimekabidhiwa wote. Mama mmoja aliwahi kuniuliza nani kanituma kuandaa daku. Sijatumwa na mtu. Mtoto akishinda njaa tangu jana usiku, anayezimia atazimia mikononi mwangu.

Saa 10:30. Kabla ya kengele kuna kazi nyingine ambayo hata walimu wengi hawaijui. Kitanda cha nne, deka ya chini, analala binti wa darasa la tano ambaye bado anakojoa usiku. Kila siku humwamsha saa nane nikampeleka chooni. Usiku wa kuamkia Ijumaa nilipitiwa na usingizi. Nilipopitisha mkono chini ya blanketi nikakuta maji, na yeye yuko macho, anatazama mbao za kitanda cha juu bila kupepesa. Nikamnong'oneza, "Twende mwanangu, maji ya moto yapo." Akaingia bafuni na ndoo yangu. Mimi nikakunja shuka kwa ndani ili ulowevu usionekane, nikaitia kwenye beseni langu pamoja na nguo zangu, nikapangusa nailoni ya godoro kwa maji ya sabuni na ndimu, nikaligeuza. Kisha nikatandika shuka nyingine, ya bluu yenye maua yaleyale meupe. Nilinunua shuka tatu za kufanana pale Soko la Memoria, kwa hela yangu, ili asiwepo mtoto wa kuuliza mbona mwenzao kabadilishiwa shuka. Wenzake walipoamka walimkuta amekaa kitandani, ameoga, anafunga kamba za viatu.

Saa 11:00 napiga kengele, ile rimu ya lori inayoning'inia kwenye mparachichi. Kuoga, kutandika, kufagia, sala ya asubuhi, uji, paredi, bendera, na kufikia saa 1:30 bweni liko tupu.

Wengi hudhani hapo ndipo matroni anapolala. Asubuhi hiyo nilikuwa na wagonjwa wawili: mmoja mafua, mwingine tumbo. Wa tumbo nilimpeleka zahanati ya parokia, tukapanga foleni mpaka saa nne, akapewa dawa za minyoo. Nikarudi kufua shuka ile na kuianika chumbani, maana masika yamefungua na kamba za nje hazikaushi kitu. Nikashona vifungo vya sketi tatu. Nikahesabu ndoo, maana ndoo za watoto hutembea zenyewe.

Wiki yetu ina mwendo wake, na anayeishi bwenini huijua siku hata bila kalenda. Jumatatu ni kukagua kucha na nywele. Jumatano ni Misa ya shule. Alhamisi katekista hufundisha wanaojiandaa kwa Komunyo ya Kwanza, na usiku wake bweni zima husikia amri kumi zikikaririwa gizani. Ijumaa za Kwaresima ni Njia ya Msalaba, sala ya kufuata mateso ya Yesu kituo kwa kituo. Jumamosi ni kufua, na baada ya kufua wanakutana watoto wa Utoto Mtakatifu. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, Ufaransa, aliyewaomba watoto Salamu Maria moja kwa siku na senti kidogo kwa mwezi kwa ajili ya watoto wenzao. Kwaresima hii wa kwetu wanajaza boksi la sabuni na sukari la kuwapelekea wazee wa kigango, kanisa dogo chini ya parokia. Boksi linakaa mlangoni pangu. Kila nikipita naona limepanda kidogo: kipande cha sabuni kilichokatwa kwa uzi, sukari ya vijiko vitatu ndani ya karatasi ya daftari.

Saa 6:00 mchana kengele ya sala ya Malaika wa Bwana ililia, kila mtu akasimama pale alipo na kusali. Mpishi alisimama na mwiko mkononi. Chakula kilikuwa makande.

Saa 7:30 mlinzi akanipigia: "Matroni, kuna mgeni getini, amekuja kuchukua mtoto."

Nilimkuta kijana nadhifu, shati jeupe, gari lake limetapakaa tope hadi vioo. Tukasalimiana vizuri. Akasema yeye ni baba mdogo wa binti mmoja wa darasa la sita, kesho kuna harusi ya mama mdogo wa binti, leo jioni ni sendofu, ametumwa amchukue. Nikamkaribisha ofisini, nikafungua faili. Kila mtoto ana fomu yenye majina na picha za watu wanaoruhusiwa kumtoa shuleni. Ya binti huyu ina watu watatu: mama, bibi, na mama mdogo. Yeye hayumo, na barua ya ruhusa hana.

"Mama, mimi ni damu yake," akasema.

"Nakuamini, baba. Ila jina lako halimo humu. Tumpigie mama yake."

Nikapiga. Haipatikani. Bibi, simu inaita mpaka inakata. Mama mdogo ndiye bibi harusi mwenyewe, na simu yake imezimwa. Sista Mkuu alikuwa mjini kwenye kikao cha walimu wakuu, na ujumbe wangu haukujibiwa. Mwalimu msaidizi alikuwa anasimamia majaribio ya Ijumaa. Nikamwambia mgeni, "Naomba tusubiri." Akatazama saa.

Kusubiri kule kulichukua zaidi ya saa tatu.

Saa nane na nusu alikuwa bado anaongea kwa upole. Alinionyesha picha za familia kwenye simu, na kweli mtoto yumo, amekaa mapajani pake siku ya Krismasi. Akatoa noti ya elfu kumi akaiweka juu ya daftari langu: "Ya soda, mama." Nikaisogeza upande wake kwa kalamu. Hapo sura ikabadilika. Akasema anapoteza muda na mtu asiye hata mwalimu. "Wewe kazi yako kufagia na kupanga vitanda. Nani kakupa mamlaka ya kunizuia mtoto wa kaka yangu?"

Sikumjibu, lakini neno lile liliniingia. Nafagia, na sioni aibu. Ila mtoto akipata homa saa saba usiku ni mimi. Akivunja ungo hajui kinachomtokea, anakuja kwangu analia, mimi ndiye namweleza na kumpa pedi na chai ya tangawizi. Kabla ya Serikali kuzuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, Machi 2023, nilikuwa nawalaza humu watoto wa miaka sita, wengine wakishika sikio langu ndipo usingizi uwachukue. Mzazi anapofunga tranka la mwanawe na kupanda gari kurudi Dar es Salaam au Mwanza, kuna mtu anabaki na yule mtoto. Huyo ndiye mimi.

Muda wa mapumziko, binti mwenyewe akaliona gari. Akaja mbio na sweta mkononi: "Baba mdogo!" Akamrukia. Kijana akanigeukia: "Si umeona ananijua?"

Nikaona, na pale ndipo pagumu kuliko pote. Mtoto anacheka, baba mdogo amesimama mbele yako, mvua imeanza, na neno moja tu lingewafurahisha wote. Lakini shule moja niliyowahi kufanya kazi zamani, mtoto alitolewa na ndugu aliyemkimbilia hivyohivyo kwa furaha. Wazazi walikuwa wanagombana mahakamani na hatukujua. Mama yake alimpata baada ya wiki mbili. Ile sauti ya mama yule getini ninayo mpaka leo. Mtoto kumjua mtu ni jambo moja, na mtu kuwa na ruhusa ni jingine.

Nikampigia magoti binti nikamwambia, "Mwanangu, baba mdogo amekuja, na utakwenda ruhusa ikipatikana. Sasa nenda kwenye Njia ya Msalaba, wewe ndiye umepangiwa kituo cha sita." Akanitazama kama ninayemwibia kitu. Machozi yakaanza. Akaondoka bila kuniitikia, na katika siku nzima hilo ndilo lililoniuma, kuliko maneno ya yule bwana.

Kila Ijumaa ya Kwaresima mimi hutembea nao vituo vyote 14, kuanzia mlango wa kanisa kuzunguka hadi grotto, pango la sanamu ya Bikira Maria. Kituo changu ni cha nne, Yesu anakutana na Mama yake. Ijumaa hii niliisikilizia ofisini. Mvua juu ya bati, mgeni anazunguka na funguo za gari, na kwa mbali sauti za watoto, "Ee Yesu, twakuabudu, twakushukuru," kisha zile za darasa la tano zinazochelewa daima kuitikia, "kwa kuwa umewakomboa watu kwa msalaba wako mtakatifu." Nilihesabu vituo kwa sikio. Walipofika cha sita nilisimama dirishani. Binti alikuwa amebeba msalaba, uso umelowa, sikujua ni mvua au ni mimi.

Sijui ilikuwa saa ngapi mgeni alipotoa boksi la kuku wa kukaanga kutoka garini akataka angalau mtoto ale. Nikamkumbusha kuwa ni Ijumaa ya Kwaresima, siku ambayo hatuli nyama. Akalirudisha, akaketi garini, akafunga vioo. Nikampelekea chai ya rangi. Akaipokea bila kunitazama.

Sista Mkuu alifika saa kumi na moja kasoro, gauni limelowa hadi magotini, maana daladala ilikwama kwenye tope akapanda mlima kwa miguu. Dakika chache baadaye simu ikaita. Ni mama wa mtoto. Simu yake ilikuwa imeishiwa chaji saluni. Ndiyo, amemtuma shemeji yake. Ndiyo, alisahau kuandika. Akaanza kunilaumu: mtoto alitakiwa asimamie sendofu, sasa itakuwaje, mimi nina roho gani? Sista akaichukua simu, akamsikiliza mpaka mwisho, akamwomba ataje jina kamili la shemeji na namba ya kitambulisho, akaandika ruhusa, akagonga mhuri. Kisha akamwambia kwa sauti ileile ya kawaida, "Mama, matroni wangu amefanya ninachomlipa afanye."

Binti alifungasha kwa dakika tano. Mlangoni akasimama, akarudi kwenye tranka lake, akatoa kipande cha sabuni, akakitia kwenye boksi la wazee. "Kesho sitakuwepo," akasema. Akaniinamia kidogo. "Kwaheri, matroni." Baba mdogo akaweka sahihi kwenye daftari, na gari likateremka likiteleza.

Baada ya hapo jioni iliyobaki naikumbuka vipande vipande. Futari ya mabinti wangu wawili, tende tatu kila mmoja zilizoletwa na mke wa mlinzi, adhana tukiisubiri kwenye redio ndogo saa kumi na mbili na dakika arobaini na kitu. Wali na maharage kwa wote. Prepo, muda wa kujisomea usiku: la saba wamelala juu ya vitabu vya hisabati, maana mtihani wao wa taifa ni Septemba na wanausikia ukija. Rozari, mafungu mawili tu. Miguu yangu ilikuwa imevimba mpaka kandambili zinabana. Nikahesabu vichwa mara mbili: 61. Nikaandika kwenye daftari, "Mmoja nje kwa ruhusa, anarudi Jumapili saa kumi jioni." Nikazima taa.

Nilikaa kwenye kiti badala ya kulala, nisije nikapitiwa tena. Saa nane kamili nikawasha tochi, nikaiziba kwa kiganja, nikaenda kitanda cha nne. Akaamka bila neno, akanishika mkono tukaenda chooni na kurudi, mvua bado inanyesha. Alipopanda kitandani nikapitisha mkono chini ya blanketi. Pakavu.