Kumbukumbu ya mradi: kuilinda ruta ya wapangaji, Pasua

Ruta ninayoiandaa kugawa intaneti kwa wapangaji wa nyumba yetu hapa Pasua, Moshi, ni MikroTik ya mtumba. Ilikuja na RouterOS 6.41 (RouterOS ni mfumo endeshi wa ruta za MikroTik), toleo lenye udhaifu wa kiusalama uliosajiliwa kama CVE-2018-14847: yeyote anayeifikia kwa mtandao poti namba 8291 ya Winbox, programu ya kusimamia ruta hizo, anaweza kusoma faili la watumiaji bila kuulizwa nywila. Nywila iwe ndefu namna gani, haisaidii kitu.

Dawa ilitoka Aprili 2018 kwenye toleo 6.42.1. Lakini kusasisha hakumtoi aliyekwisha kuingia. Mwaka 2021 mashambulizi ya Mēris, kundi la vifaa vilivyotekwa na kutumiwa kuzilemea tovuti, yalitumia ruta zilizovamiwa tangu 2018, ambazo wenyewe hawakubadilisha nywila. Ndiyo maana nimeifuta yote kwa Netinstall, programu ya MikroTik ya kusakinisha mfumo upya, nikaanza upya, bila kurudisha mipangilio ya zamani.

Njia nyingine za kuingilia ruta, yaani Telnet, FTP, API na ukurasa wa wavuti, nimezima. Winbox na SSH (njia ya kuingia kwa amri, iliyosimbwa) zinaitika kwenye tundu la tano la waya tu, yaani poti ya usimamizi, ambako hakuna mpangaji. Faiwoli, yaani kichujio cha mawasiliano, inapitisha kinachotoka huko na majibu ya mawasiliano yaliyokwisha kuanza. Vingine vyote vinavyoilenga ruta yenyewe inatupa. Kabla ya kuandika kanuni hizo washa Safe Mode: ukijifungia nje, ruta inarudisha mabadiliko yenyewe.

Kilichonikalisha usiku ni anwani ya MAC, namba ya utambulisho ya kifaa chenyewe kwenye mtandao wa karibu. Faiwoli imekaza, lakini nikiwa kwenye Wi-Fi ya wapangaji Winbox bado ilinifikisha kwenye ukurasa wa kuingilia kwa kutumia anwani ya MAC ya ruta, kwa sababu njia hiyo haipiti kwenye kanuni za IP, ambazo ndizo faiwoli inazozisimamia. Mtu wa mbali kwenye intaneti hawezi kuitumia. Jirani wa chumba cha pili anaweza. Inazibwa mahali pake, kwenye mpangilio wa ruta uitwao MAC Server, kwa kuruhusu poti ya usimamizi peke yake.

Limebaki suala la kijana wa dukani anayewauzia wapangaji vocha za intaneti. Mama mwenye nyumba aliniambia, “Mwanangu, mpe naye ruhusa, wewe hushindi hapa.” Nimemfungulia akaunti yake, ya kusoma tu. Ruhusa ya kuandika kwenye RouterOS ni pana mno: anayetaka kuongeza vocha anapata pia uwezo wa kufuta faiwoli. Vocha nitazitengeneza mimi kila Jumamosi nimkabidhi zikiwa zimechapwa.

Kinachofuata ni SSH kwa ufunguo badala ya nywila, na kupeleka kumbukumbu za wanaoingia kwenye kompyuta nyingine.