Pengo Katika Msitu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Tafakari ya juma hili inatoka katika Isaya sura ya 6, nami nawaomba msiishie aya ya 8 kama tulivyozoea, bali msome hadi aya ya 13, ambako nabii anaelezwa habari za shina la mti uliokatwa. Sura hiyo inaanza na kifo cha mfalme Uzia na kumalizika kwa shina hilo, na nakiri kwamba sikuwahi kuviunganisha viwili hivyo mpaka mwezi uliopita, nilipokwenda likizo kwa mdogo wangu ambaye ni muuguzi mjini Cairns, Queensland, kaskazini mashariki mwa Australia.

Alinipeleka kupanda gari la kamba linalopita juu ya msitu wa mvua kutoka Smithfield hadi Kuranda, safari ya kilomita 7.5 ndani ya kibanda cha vioo kinachoning'inia kwenye waya wa chuma. Kwa mtu wa Nairobi aliyezoea mngurumo wa matatu, ukimya ndio unaomshika kwanza. Chini yetu miti ilikuwa imesongamana hata ardhi haionekani, na juu ya matawi yake kangaga wakubwa wameketi kama vikapu vilivyosahauliwa na mtu. Msitu huo uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1988, na kabla gari hilo halijaanza kazi mwaka 1995, nguzo zake zilishushwa kwa helikopta ili barabara isikatwe katikati ya miti.

Tulipokaribia kituo cha Red Peak, kilicho mita 545 juu ya usawa wa bahari, niliona pengo. Mti mkubwa ulikuwa umeanguka na kuwavuta jirani zake waliofungamana nao kwa mitambaazi, na mahali pake palibaki shimo jeusi katika kijani chote kile. Mdogo wangu alikuwa akinionyesha bahari kwa upande wa pili, lakini sikugeuka. Nilikuwa nimemkumbuka Mama yetu aliyelea ushirika huu tangu wengi wetu tulipohamia Buruburu, ambaye tulimzika Februari. Mnakifahamu kiti chake kando ya mlango, chenye kitambaa alichokifuma mwenyewe. Tangu tumzike, hata siku watu wanapokaa sakafuni, hakuna anayekikalia.

Red Peak abiria hushuka na kutembea kwenye njia ya mbao chini ya miti. Kule chini ni kiza cha mchana, kwa sababu majani ya juu hunyang'anya karibu mwanga wote wa jua. Kisha tukafika mahali ambapo mti mwingine ulikuwa umelala, na huko jua lilikuwa likimiminika hadi ardhini. Pengo ambalo kutoka juu lilikuwa shimo la giza, kutoka chini ndilo lililokuwa mlango wa mwanga. Mhifadhi aliyetuongoza aliinama, akashika mche usiozidi goti, wenye majani sita, akatueleza kwamba mche wa namna hiyo unaweza kuishi kivulini miaka mingi bila kurefuka, ukingoja mti mkubwa uanguke ndipo upate nafasi ya kupanda. Nilikuwa nimeudhania mche wa mwaka huu.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba Mungu alimwondoa Mama ili wengine wakue. Maneno ya namna hiyo husemwa sana matangani na huwaumiza wafiwa, na Isaya hayasemi. Anachosema ni kwamba katika mwaka ule ule wa msiba alimwona Bwana, kiti chake cha enzi kikiwa hakijatikisika, na kwamba sauti iliyouliza nani atakayetumwa ilimfikia mtu aliyekuwa akilia kwamba midomo yake ni michafu. Tena mwishoni, baada ya kuambiwa habari za nchi iliyobaki ukiwa, anaambiwa kwamba katika shina lile imo mbegu takatifu. Kwa miezi hii yote nimekuwa nikimwomba Mungu atuletee mama mwingine kama yule, mzima, aliyekomaa, kutoka mahali fulani. Sikuwa nimetazama chini.

Niliporudi nilimwendea binti yetu ambaye kwa miaka minne amekuwa akifika mapema kila Alhamisi kupanga vikombe vya chai, nikamwomba aongoze maombi juma hili. Alinyamaza kwa muda mrefu, akapangusa sinia lililokuwa tayari limekauka, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Sawa, mama, nitajaribu, lakini vikombe nani atapanga?"

Vikombe nitavipanga mimi. Tunaanza saa kumi na mbili na nusu jioni, na nimekwisha kukisogeza kile kiti kutoka mlangoni hadi mbele, mahali atakapokaa.